Kiti Kilicholala Kasongo

Historia ya makumbusho yetu imebandikwa ukutani, mkono wa kushoto ukiingia, kwa Kifaransa. Juzi asistenti wa chuo aliniomba niiandike pia kwa Kiswahili, maana wageni wengi wanaotoka vijijini wanaitazama kama picha, kisha wananiuliza inasema nini. Mimi nilisoma shule ya msingi tu na ninaandika polepole. Lakini si mkono unaonichelewesha. Kuna mstari mmoja unaosema kwamba familia moja ya njia ya Kabambare ilitoa kiti chake cha urithi. Mstari huo ni mfupi na ni wa kweli. Kila nikiufikia ninaweka kalamu chini na kwenda kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Chumba chetu zamani kilikuwa depo, yaani ghala, ya pamba, na wazee wa Kasongo bado wanakiita hivyo. Kuta zake ni nene, madirisha ni madogo na yako juu. Pamba ilipokwisha waliweka simenti, kisha hawakuweka kitu, kisha chuo kikuu kikapewa jengo lote, na profesa mmoja wa historia akaomba chumba hicho kabla wengine hawajakumbuka kukiomba. Alikuwa na haraka kwa sababu vitu vyake vilikuwa vimejaa chini ya kitanda, na mke wake alikuwa amechoka kulala juu ya mababu wa watu.

Alivipata hivi. Miaka ile wahubiri walikuwa wanapita vijijini wakiwaambia watu watoe vitu vya wazee viteketezwe. Watu walileta vinyago, sanamu ndogo za pembe, vijiko vya mfupa, kofia zilizoshonwa kwa magamba. Baada ya maombi moto uliwashwa uwanjani. Profesa mwenyewe ni mtu wa kanisa, anaimba sauti ya chini katika kwaya. Alikuwa anasimama karibu na kuni kabla hazijashika na kuwaomba watu taratibu: "Mama, kama unataka tu kitoke nyumbani kwako, basi kwangu pia si nyumbani kwako." Wengine walicheka wakampa. Wengine walimwambia anajikusanyia mashetani ya teritwari nzima. Aliwajibu kwamba nyumba yake ni ndogo, yatagombana yenyewe kwa yenyewe.

Wakati wa vita alivifunga ndani ya mifuko, akaweka mchele juu yake. Askari waliuchota mchele, wakaona chini yake vipande vya miti, wakasema ni kuni, wakaenda. Mbili tu walizichukua na kuzipikia kweli. Yote haya yako ukutani, isipokuwa mambo ya mke wake na kitanda. Juu ya mlango kuna ubao: Makumbusho ya Sanaa ya Kale.

Mimi nilikulia kijijini, kwenye njia hiyo ya Kabambare, mbele ya kijito ambapo pikipiki inavushwa kwa kubebwa na watu wawili. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Baba alikwenda kwenye machimbo ya Salamabila na hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Nililelewa na babu, baba yake baba.

Kwetu mjukuu wa kike ni bibi ya babu yake, yaani mke wake, kwa utani. Anaweza kumgombeza mbele ya watu kwamba hakuleta chumvi, na yeye anaweza kutisha kwamba ataoa mwingine. Mimi ni mwenye haya. Mbele ya wageni maneno yananikauka. Kwa babu peke yake ndipo nilikuwa na mdomo. Aliniita "bibi yangu" tangu sijajua kutembea.

Kiti kilikuwa chake. Si kitu cha kushangaza ukikiona. Kimechongwa katika kipande kimoja cha mti, mviringo, kimebonyea katikati kama sahani, na miguu yake minne imepinda kama ya mtu anayetaka kuinuka. Hakikaliwi ovyo. Mkubwa wa nyumba akifa, siku ya kumaliza matanga mrithi wake anakalishwa pale mbele ya watu, mara moja tu. Dada wa nyumba ndiye anayemkalisha. Kisha kiti kinafunikwa na kurudishwa juu ya dari ya jikoni, kwenye moshi. Mrithi ambaye hajakaa hawezi kugawa shamba wala kupokea mahari ya binti, na akisema neno katika ugomvi, watu wanajikuna tu na kutazama pembeni. Babu alikuwa anasema: "Nilikaa siku moja. Tangu siku hiyo, nimekaa."

Profesa alikuja kwetu kwa pikipiki, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa amesikia habari za kiti. Babu alimpa chakula, akampa mahali pa kulala, akamnyima kiti. Asubuhi, akingoja jua likaushe njia, profesa alinikuta ninasoma kwa sauti maneno ya karatasi iliyofungiwa sabuni. Aliuliza nimefika darasa la ngapi. Baba mdogo, yule anayemfuata baba yangu, alijibu badala yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kutazama chini. Profesa alisema makumbusho yake yanahitaji mtu wa kufagia na kuangalia vitu, mtu anayeogopa kuvunja. "Huyu anaogopa hata kujibu," alisema. "Angefaa." Hakusema kwamba kazi ni badala ya kiti. Hakuna aliyesema hivyo. Lakini alipoondoka, nyumba yote ilinitazama, na mimi nilielewa.

Nilimwomba babu siku ile ile tukiwa tunamenya karanga.

"Bibi yangu," alisema, "umepata bwana mwingine?"

"Apana."

"Huyu mwenye matope. Miye niko na miguu mizuri kuliko yeye."

"Babu, ni kazi. Kasongo."

"Na kazi inataka kiti yangu."

Alimenya karanga nyingi bila kula hata moja. Kisha akasema kwamba mwanamume anayemnyima bibi yake kitu anachokiomba mara moja tu katika maisha atalala njaa. Alicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimefurahi sana, na furaha ile ilikuwa na aibu ndani yake.

Profesa aliporudi, waliketi wawili kwenye mkeka, na mimi nilikaa katikati yao na kikapu cha karanga. Babu alimuuliza siku ya matanga yake itakuwaje. Profesa akasema: "Mzee, kiti ni chenu. Kasongo kitalala tu. Siku mtakapokihitaji mtume mtu, mlango utafunguliwa."

"Umesikia, bibi yangu?" babu aliniuliza.

"Nimesikia."

"Sikia vizuri. Masikio yangu yamezeeka. Weye ndiye masikio yangu."

Hakumkabidhi profesa kiti. Alikiweka mikononi mwangu, na mimi nikakipakia kwenye pikipiki.

Kasongo nilikaa kwa binamu ya mama, karibu na chuo. Nilijifunza kupangusa vinyago kwa manyoya ya kuku na kutambua unga wa wadudu wanaokula mti kabla shimo halijaonekana. Nilijifunza kusimama mlangoni bila kujificha nyuma yake. Chini ya kila kitu profesa alikuwa anaandika namba ndogo kwa rangi nyeupe. Mara moja babu alikuja Kasongo kwa ajili ya hospitali, akapita kunitembelea. Alisimama chini ya ubao wa mlango na kuniomba nimsomee.

"Sanaa ya kale," nilisoma.

"Kale. Basi miye pia wataniweka hapa. Utanipangusa?"

"Kwa manyoya ya kuku."

"Eeh! Kuku wa nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainama mbele ya kiti na kukitazama kwa muda mrefu. Hakukigusa. Aliuliza tu kama usiku kinabaki peke yake, nikamwambia kinabaki na vingine. Alikubali kwa kichwa. Mimi nilitamani agombe, aseme lolote baya, ili nimwambie akichukue. Nilimsindikiza mpaka kwa wamotari, wale waendesha pikipiki za abiria, na nilipokuwa ninarudi nilikumbuka kwamba nilikuwa nimevaa kikwembe kipya nilichopata kwa kazi ile, na kwamba yeye alikuwa amekisifu.

Baadaye mambo yalibadilika. Familia nyingine ilikuja kuomba kinyago chake kwa sherehe ya siku moja. Profesa aliwapa, mlinzi akawa shahidi. Kinyago hakikurudi, na tukasikia kwamba kimeuzwa kwa mfanyabiashara huko Salamabila. Wakubwa wa chuo walikasirika. Mlinzi yule, mzee mwenye watoto wengi, alifukuzwa kwa sababu alikuwa amesema, "Ndiyo, nilisikia wakipatana." Macho ya profesa yalikuwa yameanza kufa, naye akapelekwa Kinshasa kutibiwa. Mahali pake alikuja asistenti, kijana mpole, anayefuta miwani yake kila anapotaka kukataa jambo. Alitangaza kwamba hakuna kitu kitakachotoka tena.

Mvua zilipokuwa zinakaribia, babu alikufa. Nilikwenda kumzika, nikalia, nikarudi kazini. Matanga yalibaki wazi mpaka watu wamalize kuvuna mpunga wa mwisho na waweze kukusanyika. Baba mdogo ndiye mrithi, na siku ya kumkalisha ikapangwa. Kisha shangazi akaja kuchukua kiti.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya mto. Aliingia na mkeka wa kufungia kiti ukiwa kichwani, akawasalimu wanafunzi wote kama wajukuu, akamwambia mmoja kwamba suruali yake imembana kama ngozi ya muhogo. Asistenti alimpa nafasi ya kuketi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama, pole sana na msiba. Lakini kuna karatasi?"

"Karatasi ya nini?"

"Inayosema kiti kitarudi."

"Baba yangu hakujua kusoma. Karatasi yake iko huyu." Alinionyesha kwa kidevu. "Alikaa katikati yao. Muulize."

Asistenti alijaribu kwanza kumpigia profesa. Binti yake alijibu kwamba baba yuko hospitalini, amefungwa macho, haruhusiwi kusumbuliwa. Ndipo akanigeukia. Hakuwa mkali. Nafikiri alikuwa anataka nimsaidie, nimwambie neno lolote analoweza kulipeleka kwa wakubwa.

"Wewe ulikuwapo. Profesa aliahidi kwamba kiti kitatoka?"

Nilimwona yule mlinzi mzee akiondoka getini na kandambili zake mkononi. Niliona pia chumba changu kwa binamu ya mama, na kikwembe, na njia ya kurudi kijijini. Maneno yalinikauka kama kawaida, lakini safari hii hayakukauka yote. Yalibaki machache, na hayo ndiyo yaliyotoka.

"Nilikuwa jikoni," nilisema. "Sikusikia vizuri."

Shangazi alinitazama. "Jikoni?"

"Eeh, shangazi."

Alitikisa kichwa taratibu, akakunja mkeka wake upya ingawa haukuwa umekunjuka. "Basi moshi wa jikoni yetu iko mukali," alisema. "Unaziba mpaka masikio." Wanafunzi walicheka, wakidhani ni utani. Asistenti alivaa miwani yake na kusema atamuuliza profesa akipona. Shangazi akamwambia wageni wamekwisha kualikwa kwa Jumamosi, akamtakia kazi njema, akatoka. Kwangu hakuaga.

Jumamosi nilikwenda. Kutokwenda kungekuwa kumzika babu nusu. Njia nzima, nyuma ya motari, nilitayarisha maneno ya kusema watakaponigombeza. Nilijua kwamba shangazi amekwisha kuwaambia wote, na kwa namna fulani nilitaka iwe hivyo, nipigwe kwa maneno na yaishe.

Hakuwaambia. Baba mdogo alinipokea mzigo wangu. Wake zake walinipa maji ya kuoga. Nilipouliza kwa sauti ndogo watafanyaje bila kiti, mmoja akanijibu: "Shangazi anasema wamekifungia, mwenye funguo yuko Kinshasa." Nilikunywa uji wao na ulinishuka kama mchanga.

Watu walikuwa wengi. Mama za kanisa waliimba, mchungaji akaomba kwa ufupi akaenda kukaa upande wa chakula, kwa heshima, ili asione mengine. Kisha wakaingia watani. Siku kama ile watani wa nyumba wana ruhusa ya kusema lolote. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya babu kinyumenyume na alikuwa anatembea kama yeye, akikohoa. Wakauliza mrithi yuko wapi, na atakaa wapi.

Kijana mmoja akaleta kiti cha plastiki, chekundu.

"Hii?" mtani akapiga kelele. "Hii jana ilikalia mulevi kule kwa kasiksi!"

"Na juzi ilikalia bibi harusi," mwingine akasema, "na bwana harusi akaivunja mukono. Tazama!"

"Mrithi wa plastiki! Jua likiwaka, atayeyuka!"

Watu walicheka sana, na kiti kikarushwa kutoka mkono mpaka mkono hadi nyuma ya nyumba. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyejua la kufanya. Baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya uwanja katika koti ya kuazima, mikono inaning'inia. Wazee wa upande wa pili, ambao tunapakana nao mashamba, walianza kutazamana. Niliona mmoja akijikuna shingo. Mvua ilikuwa karibu, watu walikuwa wanangoja kugawiwa mahali pa kupanda, na mtu wa kuwagawia alikuwa amesimama pale hana pa kukaa.

"Weye, bibi ya marehemu," shangazi akaita. "Kuja."

Nilidhani sasa atasema. Nilikwenda hata hivyo. Alitandika mkeka ule ule aliokuja nao Kasongo.

"Kaa chini. Nyoosha miguu."

Nikakaa. Yeye akawageukia watu.

"Kiti, baba yangu hakumupa profesa," alisema. "Hakupa iniversite. Alikiweka mu mikono ya huyu, na watu wa hapa waliona. Kama kiti hakiko, aliyekipokea iko. Ndugu yangu, kaa."

Baba mdogo alirudi nyuma. "Dada, huyu ni mutoto. Nitamuvunja."

"Punguza bugali!" watani wakapiga kelele. "Mungoje mwezi moja!"

"Kaa," shangazi alisema.

Alikaa juu ya mapaja yangu. Mwanzoni hakukaa kweli. Alikuwa amejishika kwa miguu yake mwenyewe, anatetemeka, na mimi nilisikia tu koti yake ikinigusa. Shangazi akamsukuma mabega. "Usichuchumae. Mrithi wa kuchuchumaa atagawa shamba ya nani? Shuka!" Akashuka. Ni mtu mkubwa. Uzito wake ulinifunga pumzi, mifupa ya mapaja ikabanwa kwenye ardhi, na mgongo wake ukaziba uwanja wote. Alinukia sabuni na jasho. Nilisikia moyo wake ukipiga haraka, kama wa mtu aliyekimbia, na nikaelewa kwamba naye alikuwa na hofu kuliko mimi. Nililia. Watu waliona ni kilio cha bibi kwa bwana yake, wakaanza kupiga vigelegele.

Shangazi aliinama kana kwamba ananipangusa uso kwa kikwembe chake. Mdomo wake ulikuwa kwenye sikio langu.

"Sasa unasikia vizuri?" alisema.

Hakuna mwingine aliyesikia. Baba mdogo alipoinuka, alinishika mkono kuniinua, na wazee wale wa jirani wakaja kumsalimu mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

Niliporudi Kasongo nilikuwa ninatembea kama mwanamke mzee. Jumatatu asistenti alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Alisema profesa amefunguliwa macho na amepiga simu mwenyewe. Anakumbuka kila kitu. Ameuliza kwa nini mlango haukufunguliwa, maana alisema neno lile mbele ya babu na mbele ya msichana aliyekuwa anamenya karanga.

Asistenti alivua miwani. "Ulisema ulikuwa jikoni."

"Sikuwa jikoni."

Hakunigombeza. Labda kama angenigombeza ningemchukia kidogo, na hiyo ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Ungeniambia ndiyo, ningekipeleka. Nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kusema ndiyo." Kisha akaenda kutafuta kamba.

Tulikwenda pamoja, motari wawili, kiti kimefungwa nyuma ya wa kwanza ndani ya blanketi. Kijitoni kilivushwa kichwani. Nyumbani walitupokea vizuri. Asistenti alisimama mbele ya baba mdogo na kuomba msamaha kwa Kiswahili kizuri cha kanisani, akafungua blanketi. Kiti kilikaa pale uwanjani katika jua. Watoto walisogea. Baba mdogo alinyoosha mkono, kisha akamtazama dada yake.

"Kimechelewa," shangazi alisema.

"Mama, ni chenu," asistenti alisema. "Profesa mwenyewe ametuma."

"Ndiyo, ilikuwa yetu. Lakini mrithi amekwisha kukaa. Muntu hakai mara mbili. Akikaa tena ni kama tunamuzika baba mara mbili, na miye baba yangu alikufa mara moja tu." Alizunguka kiti, akakigusa ukingo kwa kidole. Ni yeye peke yake niliyemwona akikigusa bila haraka. "Rudi nayo. Sasa iko ya kale kweli."

"Na siku nyingine? Mrithi mwingine?"

Alininyooshea kidevu. "Kiti yetu iko pale."

Baba mdogo alicheka, akaniambia basi nisiolewe mbali. Lakini hakuwa anatania kabisa. Siku atakayokufa yeye, nitaitwa, nikiwa hai, popote nitakapokuwa; na kama siko, ataitwa binti yangu. Watu wa Kabambare waliotuma neno la kuniposa wamekwisha kuambiwa hivyo. Wamesema watafikiri.

Kwa hiyo familia ilitoa kiti. Ukuta hausemi uongo. Kabla ya hapo kilikuwa kinalala kwetu kama mgeni mwenye safari yake. Sasa ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika chumba, kimewekwa katikati, na wageni wa chuo wanapiga picha. Asistenti anakipenda. Anajua kilivyobaki, na mara nyingine ananiona nikikipangusa na anatoka nje. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema na nililimeza, na kitu ambacho watu wangu walikalia tangu zamani kikaacha kukaliwa. Sijui kama profesa angefurahi. Hajarudi bado.

Baada ya mvua ya kwanza baba mdogo aligawa mashamba. Alinitumia habari kwamba amenipa kipande karibu na kijito, ardhi nyeusi, kwa sababu kiti hakiwezi kukosa chakula. Sikwenda. Nilisema kuna wageni, nilisema nina homa. Wengine walipanda mpunga na karanga. Kipande changu kiliota nyasi. Sikuona ninavyoweza kuinama kwenye shamba lile na kula kinachotoka humo.

Jana motari alinipa salamu za shangazi. Alimfundisha maneno, na yeye akayasema yote kwa sauti mlangoni pa makumbusho, mbele ya wanafunzi, jinsi alivyoagizwa: "Nyasi imefika kiunoni. Watu wanasema mrithi alimupa kiti chake shamba ya nyoka. Unangoja nyasi ikusamehe? Nyasi haina mudomo. Kuja na jembe."

Wanafunzi walicheka. Nilisubiri watoke. Kisha nikaenda mpaka mlango wa asistenti, nikagonga, nikamwambia kwamba Jumamosi sitakuwapo. Aliuliza kwa sababu gani. Nikamwambia ninakwenda kulima shamba langu, na nilisema kwa sauti ya kutosha, hata hakuniomba nirudie.